Sufuria Iliyokuja na Gunia

Mama mkwe wangu aliteremka kwenye treni kutoka Goweko akiwa na begi la nguo, kopo la majivu na gunia. Begi alimwachia mume wangu. Kopo alinipa mimi. Gunia hakumpa mtu. Alilipakata mwenyewe mpaka nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Cheyo, na tulipofika akalisimamisha nyuma ya mlango wa chumba tulichomwandalia, limefungwa kwa kamba ya katani vilevile lilivyotoka kwake.

Ndani mlikuwa na sufuria yake. Nilijua hata kabla ya kuuliza, maana mama hasafiri bila sufuria ile. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na ndiyo iliyopika wali wa ubatizo wa watoto wake wote, pamoja na huyu niliyeolewa naye mimi.

"Mama, niitoe niiweke jikoni na zile nyingine?"

"Iache humo humo. Mtu aliyekuja kutembea hafungui mzigo."

Kwao, chombo cha mwanamke kikianikwa kichanjani, maana yake mwenyewe yuko nyumbani. Kikiwa guniani, mwenyewe yuko safarini. Mama anasema jambo hili limetoka kwa wazee wao waliokuwa wapagazi wa misafara, wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi. Mpagazi alifungua chungu chake kambini, akapika, akala, akakifunga tena kabla ya kulala. Hakukiacha nje usiku kucha kama kina kwao pale. Misafara ilikwisha zamani, siku hizi tunapanda treni, lakini mama mkwe wangu bado anafunga chungu. Kila alipopikia sufuria yake nyumbani kwangu aliiosha, akaikausha kwa kanga, akairudisha guniani na kukaza kamba.

Mimi nilikuwa nalitazama gunia lile kila nipitapo mlangoni, kama mkulima anavyotazama mawingu. Niseme wazi nilichokuwa nakitaka: nilitaka abaki. Miezi michache kabla ya hapo alianguka kwenye njia ya kisimani, goti likagoma, akalala pale juani mpaka mwanamke aliyekuwa akitoka kukata kuni akamwona. Baba mkwe alishafariki. Watoto wametawanyika. Mume wangu alikuwa halali vizuri, lakini katika ukoo ule mtoto wa kiume hamwambii mama yake pa kuishi, atajibiwa jibu la kumkosesha usingizi zaidi. Basi kazi ile ikaniangukia mimi. Na si kwamba nilibebeshwa. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado mwanafunzi, na huyu wa Goweko ndiye aliyekaa kitandani kwangu nilipojifungua, akanikanda, akanitukana nilipokataa uji. Nilimpenda, nampenda.

Sasa, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakusubiri kupewa. Kesho yake tu nilirudi kutoka shuleni nikakuta sufuria zangu zote zimetolewa kabatini na kupangwa uani, na yeye amekaa kwenye kigoda, ameinamia moja, anaisugua kwa majivu na mchanga huku mkono ukienda kwa nguvu za mwanamke aliyefunga tumbaku maisha yake yote. Ndipo nilipojua kazi ya lile kopo. Yalikuwa majivu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ya kuni za mninga na miyombo. Ya mjini, alisema, ni majivu ya mkaa, hayana nguvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi mwanangu, hizi sufuria zilikuwa zinaumwa?"

Sufuria zangu ni za kijivu. Nazisafisha kwa sabuni na dodoki, masizi nayatoa, basi. Sizisugui mpaka zing'ae, na sababu si uvivu, ingawa siwezi kuapa kwamba uvivu haumo kabisa. Mimi ni mwalimu wa kemia. Nafundisha habari za alumini kila mwaka, na ni somo ninalolipenda, pengine kwa sababu alumini ina hasira kama zangu. Watu huidhani ni chuma kipole. Si kipole hata kidogo. Ukiikwaruza tu ikatoka ngozi mpya inayong'aa, inaikamata oksijeni ya hewani papo hapo, haraka kuliko chuma. Tofauti ni kinachofuata. Kutu ya chuma huvimba na kubanduka, inaacha chuma kingine wazi, nacho kinaliwa, mpaka geti lako linabaki matundu. Kutu ya alumini hainyanyuki. Ni utando mwembamba usioonekana kwa macho, mgumu, umeshikana na kilicho chini yake, na ukishafunga hewa haipiti tena. Kwa hiyo sufuria inajilinda kwa kutu yake yenyewe. Darasani huwa nadondoshea tindikali kipande cha sufuria ya zamani. Hakuna kinachotokea. Wanafunzi wanaanza kunong'onezana kwamba mwalimu leo kachemka. Mimi nanyamaza, nasubiri, na baada ya muda mapovu yanaanza. Utando ulikuwa bado unapambana.

Nilimweleza mama haya yote, nimesimama uani na mkoba wa shule begani.

"Huo ukijivu ni koti lake, mama. Ukilisugua unalivua. Linarudi, lakini kila mara sufuria inapungua kidogo, ndiyo inajitengenezea koti jipya kwa mwili wake."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Mama ana adabu ya kusikiliza.

"Koti la uvivu," akasema, akachota majivu mengine.

Angekuwa mtu mwingine ningesema nampigia mbuzi gitaa. Mama mkwe hasemwi hivyo, kwa hiyo nikaenda kubadilisha nguo.

Tukaishi hivyo, na nisidanganye, tuliishi vizuri. Nikirudi namkuta ameshachambua mchicha, ameshagombana na kuku wa jirani, ameshajua ni nani mtaani kaozesha na nani kafiwa. Jioni tulikaa barazani tukibangua karanga, chai ya tangawizi na asali ya Ipole ikiwa katikati yetu, na alinisimulia vituko vya mume wangu utotoni ambavyo mwenyewe aliapa havikutokea. Nyumba yetu haikuwahi kucheka vile. Sufuria zangu nazo ziling'aa kichanjani hata zikaumiza macho. Jirani yetu, mama wa Kiislamu anayekaanga vitumbua upande wa pili wa uzio, alitania kwamba siku hizi hana haja ya kioo.

"Nachungulia tu kwenu, nafunga ushungi wangu, natoka."

Mama alifurahi sana kwa neno lile. Alimpelekea bakuli la karanga. Lakini jioni, sufuria yake mwenyewe ikarudi guniani.

Kisha zamu ya jumuiya ikafika kwetu. Waumini wa mtaani huwa wanasali nyumba kwa nyumba, na wenye nyumba huandaa chakula. Mama akasema wali wa siku ile utapikwa kwenye sufuria yake. Nilielewa. Alitaka watu wa mjini waone kwamba Goweko nako kuna wanawake. Ila alipoitoa guniani Jumamosi akakuta chini kuna doa jeusi, ukumbusho wa mlenda alioupikia magadi juma lile, na doa lile halikutoka kwa mchanga wala kwa stili waya. Basi akafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwao angelifanya. Alichemsha maji, akayamimina ndani, akaongeza magadi mengi na majivu ya bani mengi zaidi, akafunika, akaiacha pembeni ya jiko ilowe mpaka asubuhi. Mimi nilikuwa chumbani nasahihisha mitihani, sikuona.

Asubuhi nilipoingia jikoni nilisikia sauti ndogo, kama ya uji unaotaka kuchemka, na jiko lilikuwa halijawashwa. Sakafu ilikuwa imelowa. Nikafunua. Maji yalikuwa meusi, yanatoa mapovu madogo madogo bila kupumzika. Nikajua papo hapo. Magadi na majivu hayasubiri kama tindikali yangu ya darasani. Yanalivua lile koti na kuzuia jingine lisivaliwe, na sufuria isiyo na koti inaliwa tu.

Mama akaja nyuma yangu. Akaimwaga uani, akaisuuza, akaipindua, akainyanyua juu ya kichwa chake kutazama kitako. Anga ilionekana. Vitundu vyembamba kama vya sindano, vimetapakaa kitakoni, na mwanga wa asubuhi unapenya. Sufuria ile ilikuwa imesuguliwa tangu siku ya harusi yake, imebaki nyembamba kama ganda la yai, na magadi yalimalizia tu kazi ya mikono yake.

Aliishusha polepole. Hakulia. Ningetamani angelia.

"Imenifia ugenini," akasema. Halafu akasema, "Nitarudi na treni ya Jumanne."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilikuwa na somo zima, lenye mlinganyo na mizania yake. Mtu anayenijua ataona ajabu, lakini nilifunga mdomo, kwa sababu niliona kwamba kuwa na haki asubuhi ile kungempandisha mama kwenye treni kwa haraka zaidi. Niliogopa. Niliiona ile njia ya kisimani, na goti, na jua. Nikachukua sufuria zangu, nikapika wali. Wageni wakaja, wakasali, wakala, wakausifu wali, na hakuna aliyejua kwamba nyumbani mle kulikuwa na msiba. Mama alikaa pembeni akiwa amejitanda kanga, akaitikia sala, sahani yake hakuimaliza.

Jirani wa vitumbua ndiye aliyetuokoa bila kujua. Jioni aliiona sufuria imelala kifudifudi karibu na uzio, akauliza, nikamwambia. Akasema shemeji yake anayeyusha vyombo vya zamani nyuma ya soko na kumimina vipya, tukampelekee. Nikamwambia mama. Nilitegemea akatae. Akafikiri, akasema afadhali iyeyushwe kuliko kuwa bakuli la kuku.

Jumatatu baada ya vipindi tukaenda, yeye na gunia lake. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye kofia iliyoungua pembeni kwa cheche, na alimwamkia mama kwa heshima zote. Akaipima sufuria kwa mkono, kuipandisha na kuishusha.

"Mama, hii imebaki gamba. Nikiiyeyusha peke yake nitakutolea kikaango cha yai moja."

"Basi nitakula yai moja."

Fundi akacheka. Akaonyesha rundo lake la vyuma chakavu: pistoni za magari, mifuniko, vipande vya madirisha. Angeongeza humo, alisema, sufuria itoke kubwa kama ile ya kwanza, nene kuliko ile ya kwanza. Mama alitazama rundo kama mtu aliyeonyeshwa mchumba asiyeoga.

"Sijui vimepikia nini."

"Pistoni haipikii, mama."

"Ndiyo nasema. Sijui."

Mama akaanza kuirudisha sufuria guniani. Nilimwona anatafuta ncha ya kamba. Sikufikiri sana. Nilimwambia anisubiri, nikapanda bodaboda mpaka nyumbani, nikachukua sufuria yangu kubwa kuliko zote, aliyoninunulia baba yangu nilipoolewa, ileile ambayo mama alikuwa ameisugua mara nyingi kuliko nyingine kwa sababu aliona ndiyo inayoumwa zaidi. Niliporudi nilikuta fundi amempa kiti. Nikaiweka sufuria yangu chini, kando ya yake.

"Ongezea hii."

Mama akaigeuza, akaitambua.

"Hii ni ya kwenu."

"Ndiyo."

"Aliyokupa mzee."

"Ndiyo, mama."

Fundi alitutazama mmoja mmoja. "Nawaonya mapema," akasema. "Nikishazichanganya hazitengani. Msije mkagombana huko mkanirudia kila mtu anadai ya kwake."

Mama aliikazia macho ile sufuria yangu, kidole chake kikipita ukingoni. Kisha akamsogezea fundi zote mbili kwa mguu wake mzima, yaani ule usiouma, na akasema tu, "Fanya kazi."

Fundi akazikatakata kwa shoka na kuzitia kwenye chungu cha chuma juu ya mkaa, akawasha feni. Tulikaa mbali kidogo kwa ajili ya joto. Vipande vilisimama, vikalegea, vikalala. Kilichobaki juu kilikuwa ngozi ya kijivu iliyokunjamana, chafu kama utando wa maziwa yaliyoachwa. Fundi akachukua mwiko wa chuma mrefu, akaisogeza ile ngozi pembeni, na chini yake pakatokea uso unaong'aa ambao hakuna majivu ya bani yaliyowahi kuutoa. Mama alivuta pumzi. Aliinuka kwenye kiti, goti na yote, akasogea.

Na uso ukafifia. Tulikuwa tunautazama, ukafifia hapo hapo, ukavaa kijivu. Fundi akausogeza tena kwa mwiko. Ukang'aa, ukafifia.

"Rudia," mama akamwambia.

Akarudia.

"Mbona inajifunika?"

"Ndiyo tabia yake, mama. Ukiifunua inajifunika."

"Hata motoni?"

"Hata motoni."

Mama mkwe wangu ni mwanamke ambaye hajawahi kutoka nje ya chumba chake bila kanga ya pili, hata kwenda kufukuza kuku. Alisimama pale akiutazama ule uso unaovaa kila unapovuliwa, mkono wake ukiwa umeshika pindo la kanga kifuani. Halafu akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili asubuhi nikaona meno yake.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa namvua mtu nguo!"

Fundi akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Mimi nilicheka nikalia, na sikujisumbua kutenganisha kipi ni kipi. Sikusema neno hata moja juu ya oksijeni. Nilijisifu kwa hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumanne tukaifuata sufuria. Treni ilipita saa yake na hakuna aliyeitaja. Sufuria ilitoka nzito, yenye kitako kinene na chembechembe mgongoni za mchanga wa kalibu ilimomiminwa, rangi yake ya kijivu kabisa, haina mng'ao wowote wa kumwonyesha mtu. Fundi aliipiga kwa ukucha, ikalia vizuri. Mama akaibeba yeye ndani ya gunia lake, na moyo wangu ukaenda nalo.

Jioni ile alipika ugali humo, na nsansa za karanga, ile mboga yao ya majani makavu, kwenye chungu changu cha udongo, maana magadi, alisema, hayatakaribia sufuria hii yeye akiwa hai. Tulikula. Mume wangu alisifu ugali, akaniangalia, akaangalia chini. Wote wawili tulikuwa tunasubiri jambo moja na hatukuthubutu kulitaja. Mama akatoka uani na vyombo. Nilimsikia akiosha kwa sabuni na dodoki, taratibu, bila ile sauti ya mchanga.

Kisha akaita kutoka uani.

"Mwalimu! Niletee gunia langu."

Nililifuata nyuma ya mlango. Ni gunia la kawaida tu, la mahindi, limechanika pembe moja. Nililishika nikajiambia kwamba angalau nilijaribu, kwamba Goweko si mbali, kwamba nitakuwa nampigia simu kila asubuhi. Sikuamini hata moja ya hayo. Nikampelekea.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda na kisu cha jikoni. Akaichomoa kamba, akaitia mfukoni. Akalipasua gunia ubavuni, juu mpaka chini, akalikung'uta, akalikunja mara mbili. Akajiinua kwa kushika ukuta, akaja mpaka mlangoni pa jiko, akalitandika kizingitini na kulisawazisha kwa unyayo. Nyuma yake, kichanjani, sufuria ilikuwa imepinduliwa, inachuruzika maji, imekaa na zile nyingine.

Nilisimama uani kama mjinga. Nilikuwa nimekanyaga pale alipomwaga maji, na ndala zangu zimejaa tope.

"Futa miguu hapo," akaniambia. "Nimeshadeki jikoni kwangu."